Deni la Mwaka 1959

Ndugu mmoja aliyeko Dodoma aliniandikia hivi karibuni akiniuliza jambo ambalo nimeona nilijibu hadharani. Alikuwa amesikia kwamba kila mwaka, kuanzia Septemba hadi Desemba, asubuhi za Jumamosi nazitumia kuwasaidia vijana Weusi wa shule za sekondari hapa Marekani kujiandaa kuomba nafasi za chuo kikuu. Akauliza: "Mwalimu, watoto wa kwetu umemwachia nani? Na hao Wamarekani, wenye kila kitu, wanakosa nini?"

Nianze na swali la pili.

Tunakutana katika chumba cha chini cha kanisa, wahadhiri wanne na vijana wapatao ishirini wa darasa la 12. Wengi ni Wamarekani Weusi ambao mababu zao waliletwa huku utumwani. Wachache ni watoto wa wakimbizi kutoka Kongo, ambao hufurahi kunisikia nikisema Kiswahili, ingawa hukicheka kidogo Kiswahili changu cha Tanzania.

Vijana hawa hawakosi akili. Wanachokosa ni habari. Katika nyumba ambayo baba na mama walisoma chuo, mtoto hukua akijua kwamba gharama inayotangazwa siyo lazima iwe gharama inayolipwa. Chuo binafsi chenye jina kubwa chaweza kutangaza gharama ya zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka. Familia ya kipato kidogo ikiiona tarakimu hiyo, mazungumzo huishia hapo. Haijui kwamba vipo vyuo tajiri vinavyombebea mwanafunzi kama huyo karibu gharama zote. Haijui kwamba ada ya kutuma maombi husamehewa kwa anayestahili, wala kwamba ruzuku ya serikali iitwayo Pell, ambayo kwa mwaka wa masomo 2024/25 ilifikia hadi dola 7,395, si mkopo wa kurudishwa.

Ili kuipata ruzuku hiyo, sharti ijazwe fomu iitwayo FAFSA, nayo huuliza kipato na kodi za familia. Bibi mmoja anayemlea mjukuu wake alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema: "Serikali haijawahi kuniuliza nina nini kwa nia ya kunipa." Kwa historia ya nchi hii, sikuweza kumwambia kuwa amekosea. Tulikaa naye Jumamosi mbili, tukaisoma fomu mstari kwa mstari, na Jumamosi ya pili akaijaza kwa mkono wake mwenyewe.

Baada ya fedha huja insha. Vyuo vingi hupokea maombi kupitia mfumo wa pamoja uitwao Common App, ambao humtaka mwombaji aandike insha isiyozidi maneno 650 kujieleza yeye ni nani. Tarehe 29 Juni 2023, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi zilizohusu Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina, kwamba vyuo visiitumie rangi ya mwombaji kama kigezo cha udahili. Lakini Jaji Mkuu John Roberts aliacha mlango mdogo: mwombaji aweza kueleza jinsi rangi ilivyoyagusa maisha yake, nacho chuo chaweza kuyazingatia maelezo hayo, mradi yafungamane na sifa yake binafsi, kama vile ujasiri au bidii. Desturi ya baadhi ya vyuo kuwapendelea watoto wa wale waliosoma hapo zamani haikuguswa na hukumu hiyo. Kwa hiyo mtoto wa tajiri anaweza bado kubebwa na jina la babu yake, na mtoto Mweusi amebakiwa na maneno 650.

Hapo ndipo mimi mwenyewe nilipokosea. Msimu wa kwanza baada ya hukumu ile, alikuwepo binti mmoja hodari sana wa hesabu. Nilijua baba yake yuko gerezani, na kwamba mama yake aliugua mwaka mzima. Nikamshauri ayaandike hayo. Nilijiona mjuzi wa mambo. Nilimwambia kwamba wasomaji wa insha hizo ni binadamu na wana mioyo. Alinisikiliza kwa adabu, akaondoka.

Jumamosi iliyofuata alikuja na insha mbili. Ya kwanza ilikuwa juu ya baba yake, na ilinitoa machozi. Nilipomaliza kuisoma aliichukua, akaikunja, akaiweka kwenye begi. "Hiyo nimekuandikia wewe, Profesa," alisema. "Yangu ni hii."

Insha yake ilihusu basi. Shuleni kwao alikuwa akiandikiwa mchelewaji kila mara, ilhali kituoni alikuwa akifika mapema. Akaanza kuandika katika daftari saa ambayo basi la mtaa wao lilifika kila asubuhi. Aliandika kwa miezi minne. Akatafuta wastani, akachora grafu, akaonyesha siku zipi basi lilichelewa na kwa dakika ngapi, kisha akaipeleka kazi ile kwa mkuu wa shule. Adhabu za kuchelewa zikafutwa, zake na za wenzake kumi na mmoja waliopanda basi lile. Insha iliishia kwenye swali la takwimu ambalo hakuwa na ujuzi wa kulijibu, na ambalo alitaka kwenda chuo ili alijibu.

Katika insha ile neno "Mweusi" halikutokea hata mara moja. Lakini yeyote anayeujua mji huu anajua basi lile hupita mitaa ya akina nani. Mimi nilitaka aende kwenye lango la chuo akiwa ameshika jeraha lake mkononi. Yeye alikwenda na kazi aliyoifanya. Tangu siku ile, swali langu la kwanza kwa kila kijana ni hili: "Ni jambo gani umelifanya ambalo hukuagizwa na mtu?"

Chuo nilichokuwa nikimsifia zaidi kilimkataa. Chuo kikuu cha jimbo kilimpokea na kumpa msaada wa kutosha, na sasa anasoma takwimu.

Nirudi kwa swali la kwanza la ndugu yangu, la watoto wa kwetu. Septemba 1959, wakati nafasi za elimu ya juu Afrika Mashariki zilikuwa chache mno, ndege iliwaleta Marekani wanafunzi 81 kutoka Kenya, kwa juhudi za Tom Mboya. Barua ya kuomba michango ya safari ile ilitiwa saini na Wamarekani Weusi watatu mashuhuri: Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Baadhi ya wanafunzi waliokuja katika miaka ile walipokelewa na vyuo vya Wamarekani Weusi. Tukumbuke hali ya hao waliochanga. James Meredith, mwananchi wa nchi hii na askari wake wa zamani, hakuweza kuingia Chuo Kikuu cha Mississippi hadi 1962, tena chini ya ulinzi wa maofisa wa serikali kuu. Watu waliofungiwa milango nyumbani kwao walichanga nauli ili watoto wa Afrika Mashariki waingie vyuoni.

Kwa hiyo, ndugu yangu, Jumamosi zangu si sadaka. Nalipa deni.

Na watoto wa kwetu hawahitaji nirudi ndipo wasaidiwe. Kijana aliyemaliza kidato cha sita kijijini, anayeomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, huhitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, saini ya kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, na intaneti ya kutumia maombi. Naye pia anaweza kukwama kwa kukosa mtu wa kumweleza. Wewe upo Dodoma, ofisini kwako una kompyuta, na Jumamosi huendi kazini.