Shahidi wa Mgeni

Katika kijiji cha Misfat al Abriyeen, kilichojengwa juu ya miamba karibu na mji wa Al Hamra, maji ya mfereji wa falaji hugawanywa kwa zamu. Kila shamba la mitende lina muda wake, na msimamizi wa zamu hizo hakuhitaji cheti. Ukoo wake ulijulikana, na uadilifu wake pia. Akidhulumu, mitende ya jirani ingekauka mbele ya macho ya wote. Ndivyo walivyojulikana pia mkunga, muunga mifupa na mpiga chuku. Watu wanapojuana, sifa ya mtu ndiyo leseni yake, na aibu ndiyo adhabu yake.

Hata hivyo, zama hizo si za kutamaniwa kupita kiasi. Sifa njema ya mkunga haikuzuia damu ya mzazi kumwagika. Kabla ya 1970 tiba ya kisasa ilikuwa haba mno nchini Omani, na mtu wa milimani aliyemtaka daktari alikabiliwa na safari ndefu, pengine hadi hospitali ya wamisionari wa Kimarekani huko Matrah. Sultan Qaboos aliposhika utawala mwaka huo, zilianza kujengwa hospitali na vituo vya afya, na serikali ikahitaji wataalamu ambao nchi haikuwa nao. Walikuja watu wa Bara Hindi na wa nchi nyingine za Kiarabu. Walirejea pia Waomani waliokulia Unguja, Pemba na bara, ambao wengi wao walitawanyika baada ya mapinduzi ya 1964, wakiwa na elimu ya shule na lugha ya Kiingereza. Tangu hapo mgonjwa akawa anaweka mwili wake mikononi mwa mtu asiyemjua.

Hapo ndipo sheria inapopata kazi. Amri ya Kisultani nambari 75/2019 inamkataza mtu kufanya kazi ya udaktari, au fani saidizi za afya, bila leseni ya Wizara ya Afya. Vyeti vya mwombaji atokaye nje huhakikiwa kule kule vilikotolewa, na mwenyewe hutahiniwa. Tanzania nayo ilitunga sheria ya madaktari na wataalamu wa afya mwaka 2017. Na tangu sheria ya 2002, hata waganga wa tiba asili wanatakiwa kusajiliwa. Leseni basi ni shahidi wa mgeni: inamsemea yale ambayo jirani angeyasema, lau angekuwapo jirani.

Lakini shahidi huyu ana upungufu. Anategemea majalada, mkunga aliyeikimbia nchi yake usiku, akaacha vyeti nyuma, anaweza kubaki na ustadi mikononi na asiwe na wa kumshuhudia. Tena hujibu maswali ya ofisi, na mgonjwa ana maswali yake mengine.

Wapo wazee katika Ad Dakhiliyah na Ash Sharqiyah ambao Kiswahili ndicho walichonyonya kwa mama zao. Kiarabu walikitia nguvu ukubwani, na uzee au homa kali inaweza kuwarudisha kwenye lugha ya utotoni. Bibi wa namna hiyo akilalamika kwamba anasikia kizunguzungu, au tumbo linamsokota, muuguzi mwenye leseni kamili hulazimika kumtazama mjukuu apate kutafsiriwa. Mjukuu aliyezaliwa Muscat huenda anayajua maneno ya salamu na chakula tu. Hata akijua zaidi, yapo maungo ambayo bibi hatayataja mbele ya mjukuu wa kiume. Atasema hajambo, na daktari ataandika hivyo.

Hakuna haja ya kulegeza sheria ili kuliondoa tatizo hilo. Mtihani ubaki na ugumu wake, na asiye na leseni asiguse mgonjwa. Ila jalada linaloeleza chuo alichosomea muuguzi na mwaka aliohitimu lingeweza pia kueleza lugha azijuazo, na orodha hiyo ikawekwa pale wodini panapohitajika. Misfat ni mbali na hospitali kubwa ya mkoa iliyoko Nizwa, na bibi aliyeteremshwa kutoka mlimani kwa gari usiku anastahili kuulizwa, kwa maneno anayoyaelewa, ni wapi panapomuuma.