Gitaa la Pili

Makala yangu ilitoka Jumamosi. Jumapili asubuhi, chai haijachemka, mjomba akapiga simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Nimesoma gazeti lako."

Kisha kimya. Mjomba wangu ni mtu wa kununua vocha ya mia tano na kuitumia wiki nzima. Akinyamaza huku simu iko hewani, ujue umeharibu. Nilikuwa nimeandika orodha ya wapiga gitaa kumi wa Tanzania ambao, kwa maoni yangu, hawajapewa heshima yao. Mbaraka Mwinshehe nilimwacha makusudi, maana huyo hata mtoto aliyezaliwa miaka thelathini baada ya ajali ya Mombasa ya Januari 1979 anaweza kukuimbia "Shida". Niliwaweka watu kama Michael Enoch, aliyeanzia Dar es Salaam Jazz na baadaye akawa nguzo ya Mlimani Park, na Said Mabera, ambaye solo yake ilidumu wakati bendi ikibadilisha majina tu: JUWATA, OTTU, Msondo Ngoma. Nilijiona nimefanya kazi.

"Wote kumi hawa," alisema mwishowe, "hakuna hata mmoja wa huku Ziwani?"

"Sikupata, mjomba."

"Hukupata au hukutafuta?"

Nikaanza kujitetea. Akanikata: "Na wote umeandika wa solo. Gitaa la pili ulidhani linajipiga lenyewe?"

Simu ikakatika. Salio.

Sasa, hapa inabidi nieleze. Mjomba ni kaka wa mama, Mjaluo wa Rorya aliyekuja Mwanza kijana na kuishia Kirumba, kwenye nyumba iliyopachikwa juu ya mawe. Ukikaa barazani unaona Mwaloni yote chini yako, mitumbwi, magunia, na harufu ya dagaa inakupandia hadi kwenye kikombe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 alipiga gitaa kwenye bendi ya shirika moja la umma. Shirika lilikufa na bendi ikafa nalo. Sisi watoto tulijua tu kwamba "mjomba alikuwa mwanamuziki", kwa sauti ile ile ya kusema fulani aliwahi kuugua. Sikuwahi kumuuliza alipiga gitaa lipi. Miaka kumi na mbili ya uandishi wa habari, nimewahoji mawaziri na wavuvi na mganga mmoja wa kienyeji, na mtu wa nyumbani sikuwahi kumfungulia daftari.

Jumapili ile ile nikapanda Kirumba.

Hakunikaripia. Aliniomba simu, akaniambia nimtafutie wimbo wowote wa Shirati Jazz wa miaka ya 1970. Ukaanza kucheza.

"Niimbie gitaa."

Nikaimba solo, ile sauti kali inayomfuata mwimbaji kama kivuli.

"Hilo la kwanza. Niimbie la pili."

Nikasikiliza. Nikasikia besi, nikasikia ngoma, nikasikia solo tena. Akaurudia wimbo mara tatu. Nakiri mbele yenu, mimi niliyeandika maneno elfu mbili kuhusu wapiga gitaa, sikulisikia.

Basi akamtuma mjukuu akaazime gitaa kwa kijana wa kwaya, nyumba ya tatu. Likaja na nyuzi tano. Akalitega, akakunja uso kwa sababu vidole vyake siku hizi havinyooki vizuri, akaanza kupiga kitu kidogo sana: noti nne, tano, zinazunguka na kurudi pale pale. Hakuna cha kushangaza ndani yake. "Sasa wewe imba solo juu yangu," akasema. Nikaimba, na ghafla sauti yangu mbovu ikawa na miguu. Kila nilipovuta pumzi, zile noti zilikuwa zimeshaziba nafasi. Mjukuu akaanza kutikisa mabega. Katikati ya mstari mjomba akaacha kupiga.

Nikabaki naning'inia hewani, sijui niende wapi.

"Umelisikia sasa," akasema.

Huo ndio ufundi wenyewe. Solo huja na kuondoka, hupanda, hujionyesha. Gitaa la pili, ambalo wengine wanaliita ridhimu, hukamata kipande kifupi na kukishikilia dakika tano, sita, likiingia kwenye mianya ya solo bila kuigusa. Solo inakufanya utazame jukwaa, ila kinachokuinua kwenye kiti ni hilo lingine. Sisi tuliokulia kwenye hadithi tunalijua jambo hili kwa upande mwingine: msimuliaji anasema paukwa, na pasipo na wa kumjibu pakawa hadithi hailali wala haiamki. Lakini nani aliwahi kuandika jina la aliyeitika?

Na ni kazi ya kuumiza. Dansi lilianza saa tatu usiku na kuisha saa nane. "Mpiga solo akichoka anapumzika kidogo, watu wanasema ah, huyu fundi, anajua kunyamaza," mjomba alisema. "Mimi nikipumzika wanadhani umeme umekatika."

Nilimuuliza alijifunzia wapi. Nilitarajia aseme Franco, au Dr. Nico, kama wanavyosema wote. Akasema alianza na Mwenda Jean Bosco, yule wa Katanga aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, mji ambao leo ni Likasi. Bosco hakuwa na bendi. Dole gumba lilipiga la chini, kidole cha shahada kikajibu juu, na mtu aliyesikia redioni aliapa kwamba ni watu wawili. "Bosco alikuwa na la kwanza na la pili kwenye mkono mmoja," mjomba alisema. "Mimi niliweza nusu yake. Nikaona basi, nusu hiyo niifanye vizuri."

Halafu tukafika kwa Misiani.

Niwe mkweli: Daniel Owino Misiani nilimjua, nyumbani kwetu nani asiyemjua, lakini kichwani nilimweka kwenye kabati la Kenya. Nikamwambia mjomba orodha ilikuwa ya Watanzania.

"Shirati iko wapi?"

"Rorya."

"Rorya ipo nchi gani?"

Misiani alizaliwa mwaka 1940 pale Nyamagongo, Shirati, kando ya Ziwa, karibu na mpaka. Akavuka kwenda Kenya kijana, na katikati ya miaka ya 1960 akaanzisha bendi ambayo baadaye aliipa jina la kwao. Fikiria hilo kidogo. Mtu anakaa nchi nyingine, anarekodi huko, anapigwa kwenye baa za Kisumu na Nairobi, na kwenye kila santuri anabandika jina la kijiji cha mkoa wa Mara. Kama hiyo si barua ya nyumbani, sijui ni nini.

Kwa nini aliondoka halihitaji utafiti mkubwa. Kampuni za santuri na studio zilikuwa upande wa pili; hata bendi zetu kubwa zilitegemea Nairobi kutoa sahani. Isitoshe, aliimba Kijaluo, wakati bendi za dansi za Tanzania karibu zote ziliimba Kiswahili. Sisemi Kiswahili kilikosea. Mimi hapa nakula kwa Kiswahili. Ila kila mlango una waliobaki nje yake, na Misiani alikuwa mmoja wao: huku lugha yake ilikuwa ndogo mno kwa taifa, kule uraia wake ukawa tatizo kila alipoimba siasa. Aliwekwa ndani Kenya zaidi ya mara moja kwa sababu ya nyimbo. Alikufa kwenye ajali ya barabarani Kisumu, Mei 2006. Mwaka 2010 kampuni ya Sterns ya London ilitoa mkusanyo wa nyimbo zake za miaka ya 1970, kazi nzuri tu, na kwenye jalada wakaandika kwamba hiyo ni benga ya kutoka Kenya. Siwalaumu. Sisi hatukuwahi kuinua mkono kusema huyu ni wetu pia.

Wakenya wanamwita babu wa benga, na benga, ukiisikiliza kwa sikio la mjomba, ni habari ya Ziwa zima kabla haijawa ya nchi yoyote. Ukizunguka maji haya unakuta nyuzi kila upande. Wajaluo wana nyatiti ya nyuzi nane, Wakurya wana iritungu, Wahaya enanga, Wasukuma zeze. Mpiga nyatiti hukaa chini, anaimba, anachezesha vidole vya mikono yote miwili, na kwenye dole la mguu amevaa pete ya chuma anayogonga nayo kwenye mbao ya chombo. Mtu mmoja, bendi nzima. Benga ilimchukua mtu huyo ikamgawa wanne: mmoja akapewa sauti na solo, mmoja besi, mmoja ngoma, na mmoja akapewa vile vidole vinavyorudiarudia pale pale. Misiani mwenyewe alikuwa mwimbaji na mpiga gitaa, kwa hiyo jina lake limebaki. Collela Mazee na Ochieng Nelly wa Victoria Jazz nao majina yao yamebaki, kwa wanaojua. Aliyekuwa kulia kwao, kwenye gitaa la pili, mara nyingi jalada linamwita "na bendi yake".

Mjomba alizipata santuri hizo wakati mpaka umefungwa, kati ya 1977 na 1983, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika. Barabara ilikuwa na askari. Maji hayakuwa na geti. Zilikuja usiku kwa mitumbwi pamoja na Kimbo na sabuni, zimefungwa ndani ya khanga zisivunjike. "Tulikula magendo na tukajifunza magendo," alisema, akacheka mpaka akakohoa. Bendi yao ilikuwa ya shirika la umma, ikiimba kilimo na umoja kwa Kiswahili safi. Chini ya maneno hayo, kwa mujibu wake, gitaa la pili lilikuwa linapiga Shirati. Meneja hakuwahi kugundua. Wachezaji waligundua.

Miezi miwili baadaye kazi ilinipeleka Shirati, habari ya mambo mengine kabisa. Nilimuuliza kijana wa bodaboda kama anamjua Misiani. "D.O.? Namjua, mzee anamsikiliza sana," akasema. "Huyo wa Kisumu." Nikamwambia ni wa hapa. Akageuka kunitazama, na kwenye barabara ile si jambo la kufanya ukiwa na abiria.

Kuna kaseti. Nilijua lazima kuna kaseti. Mwaka 1981 bendi ya mjomba ilipanda treni, Mwanza, Tabora, Dodoma, hadi Dar es Salaam kurekodi Redio Tanzania, Barabara ya Pugu. Nyimbo nne, wote wanapiga kwa pamoja, akikosea mmoja mnaanza upya. Mjomba anasema hakukosea. Mama yangu ndiye aliyeunasa wimbo mmoja kutoka redioni, na kaseti ikalala miaka yote kwenye mkebe wa biskuti pamoja na vyeti vya ubatizo. Nikaipeleka kwa fundi redio wa Makoroboi. Akaifungua, akasafisha ukungu kwa pamba, akaihamishia kwenye simu yangu, akanitoza elfu kumi na tano na mawaidha.

Tuliisikiliza barazani. Mtangazaji anataja bendi, mtunzi, waimbaji. Basi. Kisha tarumbeta mbili zenye kujiamini kuliko uwezo wao, mwimbaji, na nyuma kabisa, kama mtu anayegonga mlango kwa adabu, noti nne, tano, zinazunguka na kurudi. Safari hii sikuhitaji kuonyeshwa. Nilimtazama mjomba. Alikuwa anatazama Mwaloni, na vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vinajikunja juu ya goti, kwa wakati.

Nikamwambia nataka kuandika upya, safari hii mahali ambapo watu wanasoma kwa utulivu, na nitamtaja kwa jina lake kamili. Akakataa.

"Ukiniandika peke yangu utakuwa umenifanya solo," akasema. "Tulikuwa wanane. Andika wanane au uache."

Tukaanza kuhesabu. Waimbaji wawili, tunao. Solo, tunaye, alifia Geita. Besi, tunaye. Tarumbeta wawili, mmoja anaishi Nyegezi na ni mzee wa kanisa, hataki kusikia habari za dansi lakini jina alitupa. Mjomba mwenyewe. Wa nane ni mpiga tumba, na hapo tumekwama. Aliitwa "Tumba" tu, na wenzake, na mashabiki, na mhasibu wa shirika siku ya mshahara. Tarumbeta wa Nyegezi hamkumbuki. Shirika halina faili. Ndiyo maana kwenye makala hii jina la mjomba hamtaliona, na lile la mpiga solo wa Geita pia.

Alhamisi iliyopita alinipigia saa tano usiku. Nilishtuka, nikadhani kuna msiba.

"Tumba!" akasema. "Nimemkumbuka. Mtu wa Ukerewe. Alikuwa na kovu hapa."

"Hapa wapi, mjomba? Na jina?"

"Hapa kwenye nyusi. Jina bado. Lakini kovu nimelikumbuka."