Bibi na Mfalme wa Zamunda

Likizo ya Desemba nilirudi nyumbani Muleba na flashi ya muvi kumi, nilizojaziwa stendi ya Bukoba kwa elfu mbili. Usiku nikawasha laptopu, sahani ya senene katikati, Bibi kiti cha mbele, mimi mkalimani. Tukaanza na Coming 2 America.

Kwa ambao hamjaiona: ni mwendelezo wa Coming to America ya 1988, na ilitoka Machi 2021. Akeem, yaani Eddie Murphy, sasa anakuwa mfalme wa Zamunda. Ana mabinti watatu, lakini sheria ya nchi inakataa binti asirithi kiti. Basi anafunga safari hadi New York kumtafuta mtoto wa kiume ambaye hata hamjui. Bibi alicheka mpaka alipoielewa hiyo sheria. Akanyamaza.

Karibu na mwisho muvi ikaganda. Kopi mbovu. Bibi akauliza, "Mjukuu wangu, kwa hiyo yule binti alipewa au hakupewa?"

Nilitaka kumwambia ni muvi tu. Lakini nyumbani wote tunajua kwamba kibanja cha baba yake kilikwenda kwa kaka yake, ingawa aliyekuwa akikipalilia ni yeye. Bibi hakuwa anauliza habari za Zamunda.

Chuo kilipofunguliwa, tukachanga watu wanne wa chumba kimoja. Mwenye kadi ya benki akalipia Prime Video mwezi mmoja. Programu yao inakuruhusu kupakua filamu kwenye simu na kuitazama baadaye bila bando, kwa hiyo tukaipakua kwa intaneti ya hosteli. Wikiendi ileile nikapanda basi.

Tusidanganyane, wanachuo wenzangu. Wengi tunasema Eddie Murphy hatafilisika kwa elfu mbili yetu. Sawa. Ila Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda hata mwenzetu darasani anayetengeneza vichekesho vyake kwa simu, na vichekesho hivyo nimevikuta vikijazwa palepale stendi. Yeye hajaona hata mia.

Safari hii tulifika mwisho. Akeem anabadili sheria, na Meeka, binti mkubwa, anakuwa mrithi. Bibi akasema, "Amechelewa, lakini amefanya."

Ndipo nikamsimulia kesi tuliyofundishwa. Mwaka uleule wa 1988 mwanamke wa Kihaya aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Ndugu wa ukoo akamshtaki Mahakama ya Mwanzo Kashasha, eti mila haimruhusu mwanamke kuuza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba mila hiyo ni ya kibaguzi, na kwamba mwanamke ana haki ileile ya kuuza aliyonayo mwanamume.

"Kashasha hii ya hapa?"

"Hii hii, Bibi."

Akatafuna senene wake taratibu. "Sasa mbona hiyo hamjaitengenezea muvi?"