Nilijifunza kupanda kinga nikiwa na miaka 34

Wamama wenzangu, mwaka jana binti yangu Furaha aliniomba apande kinga ya kaka yake. Nilimkatalia. Nilimjibu maneno niliyoambiwa na mama mkubwa nilipokuwa mtoto: "Msichana akipanda kinga anajiharibu." Kaka akaendelea kwenda masomo kwa kinga, Furaha kwa miguu, saa nzima.

Mwezi wa saba yaya wangu anayeishi Denmark alinialika. Yeye na shemeji walipanga kupumzika Bornholm, kisiwa cha bahari ya Baltic. Tulipanda meli Ystad, Sweden, na baada ya saa moja na dakika 20 hivi tukashuka Rønne. Pale walikodi kinga tano. Nikasema, "Yaya, mimi sijui." Mtoto wake wa miaka saba alicheka, kisha akasema, "Mama mdogo, nitakufundisha."

Siku mbili nilianguka na kuinuka, yaya akinishikia kiti kwa nyuma. Siku ya tatu tulishika njia ya kinga iendayo Aakirkeby. Zamani ilikuwa ya reli. Treni za kisiwa zilisimama mwaka 1968. Humo hupiti na magari. Tulipumzika Nylars, kwenye kanisa la duara lenye miaka zaidi ya 800. Kando ya barabara watu wameweka viazi mezani na kikopo cha pesa, muuzaji hayupo: unachukua, unalipa.

Lakini nilichoangalia zaidi ni wanawake. Bibi wenye mvi juu ya kinga. Wasichana wa masomo. Mama aliyebeba watoto wawili ndani ya sanduku la mbele. Wamezaa, wana wajukuu. Nikajiuliza: mama mkubwa aliogopa nini? Na mimi, mwalimu, kwa nini nilirudilia maneno yale bila kuyachunguza?

Niliporudi nilimwomba Furaha msamaha. Sasa yeye na kaka yake wanapeana kinga kwa zamu. Jirani aliniuliza, "Mwalimu, hauogopi?" Nilimjibu kwamba ninaogopa pikipiki na mashimo ya barabara, ndiyo sababu tulianza kwanza kwenye uwanja wa masomo, mpaka akajua vizuri kushika breki. Lile lingine siliogopi tena.

Kila Jumamosi saa tisa tuko uwanjani. Mwenye binti amlete. Na mama asiyejua kupanda naye aje, nitamshikia kiti.