Kuosha Gari la Parokia, Ndani na Nje

Juma hili hatutayagusa masomo ya Dominika kama ilivyo desturi yetu. Tunaomba mtuvumilie tuzungumze juu ya gari, yaani namna tunavyoliosha gari la parokia hapa nyumbani kwetu Milepa, na juu ya Jumamosi moja tuliyoliosha vizuri kupita siku zote.

Ninyi mlioko Sumbawanga mjini mwaweza kulipeleka gari kwa vijana wa kando ya barabara, mkakaa kivulini hata mrudishiwe likiwa linang'aa. Huku bondeni kazi hiyo ni yetu wenyewe. Wakati wa kiangazi gari likishauteremka ukingo wa Lyambalyamfipa hufika limejaa vumbi katika kila tundu, na masika likaja na tope zito lililoganda ndani ya madigadi. Aidha, Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Maji yake hupungua kwa jua huku magadi yakibaki, na tope la kandokando ya ziwa likiachwa juu ya chuma kwa majuma kadhaa hukila chuma hicho. Basi mtu asidhani kwamba padri anayelala chali chini ya gari akikwangua tope anatafuta urembo.

Sisi wa nyumba ya mapadri, pamoja na katekista na kijana anayetusaidia kazi, tumejiwekea utaratibu. Gari husogezwa chini ya mwembe, kwa maana bati lililopata moto wa jua hukausha sabuni kabla haijasuuzwa. Tunaanza ndani. Wapo wanaotucheka kwa hilo, lakini vumbi la ndani likipigwa brashi hutokea milangoni na kutua nje, na aliyeanza nje huosha mara mbili. Tena tuna Injili upande wetu: katika sura ya 23 ya Mathayo, Bwana anawakemea Mafarisayo kwa habari ya kikombe kilichosafishwa nje tu, na anataka ndani kutangulie. Tumewahi kulisema hilo hata altareni, kwa mzaha kidogo, na waamini wakacheka.

Kapeti hutolewa na kukung'utwa. Viti hupigwa brashi kavu kwanza, kwa sababu vumbi likikutana na maji hugeuka tope na kuzama ndani ya kitambaa. Ndipo tambara lililokamuliwa sana hupita juu ya dashibodi na milango. Maji mengi ndani ya gari ni adui. Kapeti iliyorudishwa mbichi itawanukia abiria hadi kigangoni.

Nje tunamwaga maji matupu, kutoka paani kushuka, ili mchanga uondoke. Anayeanza kusugua kabla ya hapo anaipiga rangi msasa. Ndoo za kazi ni mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia sponji, nayo magurudumu yana tambara lake la peke yake. Sabuni ya unga ya kufulia tuliiacha baada ya kuona boneti inafifia. Rejeta, injini ikiisha kupoa, tunainyunyizia taratibu ili mbegu za majani na panzi waliokwama watoke.

Kazi yote hutumia ndoo 6 za lita 20, na hatuongezi, kwa kuwa kila ndoo imetoka kisimani juu ya kichwa cha mtu. Zamani tulikuwa tukiliingiza gari mtoni. Ilikuwa rahisi, na tulikuwa tukiona mafuta yakielea kuteremka kule wanakochota kina mama, nasi tukageuza macho. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazilinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, na Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliandika kurasa nzima juu ya maji ya maskini. Tuliona haya kuendelea.

Sasa Jumamosi ile. Kesho yake tulikuwa na Kipaimara, na wageni wangepanda gari letu. Tuliliosha tangu asubuhi hadi saa nane. Tuling'arisha vioo kwa magazeti, tukapaka tairi weusi, tukafua hata vitambaa vya viti. Tulipomaliza tulisimama mbali kidogo, tukalitazama kama mtu anavyotazama shamba lililopaliliwa.

Saa tisa na nusu pikipiki iliingia uani. Nyuma yake ukaja mkokoteni wa ng'ombe, na juu yake mwanamke mjamzito aliyekuwa akitoka damu, amelazwa mapajani mwa mama yake. Walikuwa wameambiwa apelekwe Sumbawanga, na usafiri mwingine haukupatikana. Mama yule alisema, "Baba Padri, tunaomba gari."

Hatukukataa. Tunalieleza hili waziwazi, kwa sababu kwa siku nyingi ndivyo tulivyojitetea. Tulisema, "Subirini kidogo, mama, tutafute turubai." Turubai lilikuwa ghalani, ufunguo wa ghala alikuwa nao kijana, na kijana alikuwa amekwenda kuoga. Tulimtuma mtoto amwite. Ufunguo ulipofika, turubai likawa chini ya magunia ya mpunga, nasi tukaanza kuyahamisha magunia. Zilipita dakika kama 20.

Mama yule hakugombana nasi. Tuliporudi na turubai tulimkuta amejifungua kitenge chake cha juu, amekitandika yeye mwenyewe kwenye kiti, na binti yake amekwisha kulazwa. Alitutazama, akasema kwa adabu, "Halitachafuka, Baba."

Toka kwetu hadi Sumbawanga ni kupanda takribani mita 1,000, na barabara ya ukingoni haimruhusu dereva kuharakisha. Mwanamke alipona. Mtoto hakuishi. Tulimwuliza muuguzi kama zile dakika 20 zingebadilisha jambo, akajibu kwamba hakuna awezaye kusema. Alikuwa mkarimu, na mpaka leo hatujui.

Katika kurudi tulimkumbuka Padri Paul Schulte, Mjerumani wa shirika la Oblati, aliyeanzisha MIVA mwaka 1927 ili wamisionari wapate magari. Rafiki yake, Padri Otto Fuhrmann, alikuwa amefariki kusini mwa Afrika, mbali na daktari, pasipo chombo cha kumfikisha upesi. Hadithi hiyo tuliisikia seminarini na kuisimulia mara nyingi, hasa tulipokuwa tukiomba michango ya gari hili.

Jumatatu tuliliosha tena. Damu haitaki maji ya moto, kwani moto huigandisha katika kitambaa. Inataka maji baridi yenye chumvi, na kugusagusa kwa tambara safi pasipo kusugua, tambara likibadilishwa kila linapopata rangi. Tulitumia ndoo 2 kwa kiti kimoja. Doa lilififia, likabaki alama ya kahawia upana wa kiganja, upande wa kushoto karibu na mlango. Katekista alishauri tununue kifuniko. Tulimwambia tuache kwanza.

Kitenge nacho tulikifua sisi wenyewe, tukakikausha kivulini na kukipiga pasi, kisha tukampelekea mwenyewe. Tulimkuta akipeta mchele mlangoni. Tulipiga magoti, tukamwomba msamaha wa zile dakika. Alinyamaza kitambo, akakipokea kitenge na kukikunjua, akakagua pindo moja baada ya jingine.

"Na kiti, Baba, kilitakata?"

Tulimjibu kwamba hakikutakata.

Akatikisa kichwa, akaweka ungo kando, akatuvutia kigoda.