MAZOEZI YA KUJIHAMI, UTULIVU WA MOYO NA KAZI YA KALAMU



Shukrani zote zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, sisi tunaoandika makala hii ni wanafunzi wa darasa la khati na tungo katika madrasa yetu hapa Nguvumali. Ndio hao hao ambao kila Jumamosi na Jumapili baada ya swala ya alasiri huonekana uani wamejipanga safu, wakifanya mazoezi ya karate. Mwaka huu baadhi ya wazazi wetu wameuliza swali ambalo ni haki yao kuuliza: mtoto ameletwa chuoni asome Qur'ani na adabu, ngumi na mateke vinaingia wapi? Wapo waliotaka mazoezi yasimamishwe kabisa. Kwa kuwa jambo hili linatugusa, tumeona bora tueleze kwa kalamu tuliyoyaona wenyewe, ili mzazi apime na mwanafunzi mwenzetu afaidike.

Tuanze na dini yetu. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alimsifu muumini mwenye nguvu kuwa ni bora na anapendeza zaidi kwa Allah kuliko muumini dhaifu, naye akabainisha kuwa kila mmoja wao ana kheri. Imepokewa pia kwamba alipigana mieleka na Rukana, mtu aliyejulikana Makka kwa nguvu zake, akamwangusha. Na katika siku ya Idi, Wahabeshi walicheza kwa mikuki na ngao ndani ya msikiti wake, na Bibi Aisha (R.A.) akawatazama akiwa nyuma ya bega la Mtume. Sayyidna Umar (R.A.) alipotaka kuwazuia, Mtume alimwambia awaache. Basi mchezo wa kujihami wenyewe hauna ugeni katika dini.

Lakini Mtume huyo huyo alitufundisha kwamba shujaa si yule anayewabwaga watu, bali ni yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa hasira. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.). Sisi tumeifanya kuwa mizani yetu. Mazoezi yakimfanya kijana awe mwepesi wa kupiga, yamekwenda kinyume na mizani hiyo na wazazi wana haki ya kuyakataa. Yakimfanya awe mzito wa kukasirika, yametimiza lengo lake.

Katika pwani yetu pia mambo haya si mageni. Lamu, Pemba na Unguja upo mchezo wa kirumbizi, ambapo watu wawili huingia uwanjani na fimbo huku ngoma na zumari vikilia. Lamu huchezwa hata katika sherehe za Maulidi. Anayeutazama kwa mara ya kwanza hudhani ni ugomvi, lakini akitulia ataona kwamba fimbo inafuata ngoma. Mchezaji akipandwa na hasira huipoteza ngoma, na akiipoteza ngoma watazamaji humcheka kabla hata hajapigwa. Wazee wetu walijua kuiweka silaha chini ya mdundo.

Tazama pia kisa cha Fumo Liyongo, kama alivyokisimulia Muhammad Kijumwa wa Lamu katika utenzi wake wa mwaka 1913. Liyongo alikuwa mpiga upinde asiye na mfano, na wakati huo huo alikuwa malenga. Alipotiwa gerezani na kungojea kuuawa, hakupiga kelele wala kugonga ukuta. Alitunga wimbo wa mafumbo, akampa kijakazi Saada aupeleke kwa mama yake. Mama akaelewa, akaoka mkate wa makapi na kuficha tupa ndani yake. Walinzi wakauacha mkate ule upite kwa sababu haukuwa wa kutamanika, na Liyongo akaikata minyororo yake huku watu nje wakiimba na kupiga ngoma. Tujiulize: mtu anayesubiri kifo atapata wapi utulivu wa kupanga vina na mafumbo? Kisa hiki kinatuonyesha kwamba wahenga walimwona shujaa wa kweli kuwa ni yule ambaye akili yake haitetereki, na kwamba upinde na utungo vilikaa ndani ya kifua kimoja.

Na kwa sisi wanafunzi wa khati, mfano mkubwa zaidi ni Sheikh Hamdullah wa Amasya, katika nchi ya Uturuki, aliyefariki mwaka 1520. Huyu alimfundisha khati Bayezid wa Pili, na Bayezid alipokuwa Sultani akamwita Istanbul. Waandishi wote wa khati wa Kituruki waliokuja baadaye humhesabu kuwa ni baba yao katika fani, naye aliandika misahafu mingi kwa mkono wake. Mtu huyo alikuwa pia bingwa wa kupiga mishale, akaongoza nyumba ya wapiga mishale ya Istanbul. Mkono uliovuta upinde ndio uliovuta alifu. Anayeijua kazi ya khati hatashangaa, kwani kalamu na mshale vyote vinataka bega lililolegea, jicho lililotua na pumzi isiyokatika. Ukitetemeka mara moja tu, herufi imeharibika, na mshale umekwenda kombo.

Sasa turudi kwenye karate yenyewe. Asili yake ni visiwa vya Okinawa, na mwaka 1922 mwalimu wa shule aitwaye Gichin Funakoshi aliipeleka Tokyo. Funakoshi alikuwa pia mtunga mashairi, na lakabu yake ya ushairi ilikuwa Shoto, maana yake mvumo wa upepo katika misonobari. Mtindo wa Shotokan unaofundishwa leo dunia nzima umepata jina lake katika lakabu hiyo ya mshairi. Mtindo mwingine ni Goju-ryu, ulioasisiwa na Chojun Miyagi (1888–1953). Jina lake linaunganisha ugumu na ulaini. Mtindo huu ndio uliopandwa Dar es Salaam miaka ya 1970 na Mmarekani Mweusi, Nantambu Camara Bomani, pale Zanaki, na kutoka hapo ukaenea nchini.

Katika Goju-ryu kuna zoezi liitwalo Sanchin, yaani vita vitatu. Walimu hulieleza kuwa ni vita vya mwili, vya pumzi na vya akili. Mwanafunzi hutembea hatua chache tu mbele na nyuma, polepole, akivuta pumzi na kuitoa kwa mpango. Hakuna adui mbele yake. Mwenzetu mmoja alipoliona mara ya kwanza alisema, kwa utani wetu wa Tanga, kwamba huyu anapigana na upepo wa baharini. Baada ya miezi kadhaa yeye mwenyewe alikiri kwamba anayepigana naye humo ni nafsi yake.

Faida tulizoziona tunaweza kuzieleza kwa sehemu nne.

Kwanza, kuijua pumzi. Mtu akikasirika au akiogopa, moyo hupiga kwa kasi na pumzi huwa fupi. Akiweza kuitoa pumzi polepole, mapigo ya moyo nayo hupungua, na akili hupata nafasi ya kuamua. Hili si jambo la miujiza, ndivyo Allah alivyouumba mwili. Msomaji wa Qur'ani analijua vizuri, kwani asiyeweza kuipanga pumzi hawezi kufika kwenye waqfu bila kuikata aya. Wenzetu waliokuwa wakiishiwa pumzi katikati ya aya ndefu, leo wanazifikisha.

Pili, kuzoea kurudia. Zoezi la karate liitwalo kata lina hatua zilizopangwa, nawe hulirudia mara mia na zaidi. Mwanzoni linachosha. Kisha mwili unalishika, na hapo ndipo unaanza kuona makosa madogo ya kisigino au kiwiko. Hii ndiyo njia ile ile ya muraja'a katika hifdhi, na ndiyo njia ya kuandika herufi ya ba mpaka nukta ikae mahali pake. Kijana aliyejifunza kutochoka na kurudia katika jambo moja, huwa na stahamala katika jambo jingine.

Tatu, kukubali kurekebishwa. Uani mwalimu humsahihisha mkubwa mbele ya mdogo, na mkubwa huitika. Tulipokuwa tukitunga utenzi wa kusoma katika Maulidi ya madrasa, kila mtu alileta beti zake, na kama ilivyo kawaida, wapo waliotoka mizani, beti ikawa na kipande cha mizani tisa badala ya nane. Zamani mtu akikosolewa beti yake, hununa, na kazi hulala wiki nzima. Safari hii zilikatwa beti nyingi na hakuna aliyenuna. Tulikaa mkekani kuanzia baada ya isha, na utenzi ukamalizika ndani ya siku tatu. Hatusemi karate ndiyo iliyotunga. Tunasema ilituondolea kile kilichokuwa kikitufunga ulimi na mkono.

Nne, na hili ndilo kubwa zaidi, kuikinga nafsi na ugomvi. Yupo mwenzetu mmoja, jina lake tunalihifadhi, ambaye alikuwa maarufu mtaani kwa kupigana. Alikuwa amefukuzwa chuo kimoja kabla ya kuja kwetu, na mama yake alisema kwamba hapa ni mahali pa mwisho. Kalamu haikukaa mkononi mwake, akivunja mwanzi mmoja baada ya mwingine kwa kuikandamiza. Mwaka jana siku moja tulikuwa tunatazama mpira kiwanjani. Kijana mmoja akamtukana, akamtukania na mama yake. Sote tulisimama tukijua kitakachofuata. Yeye akanyamaza, akatoa pumzi ndefu kama katika Sanchin, akaketi chini, kama Mtume (S.A.W.) alivyotuelekeza kwamba mwenye kukasirika akiwa amesimama na akae. Yule mtukanaji akabaki peke yake na matusi yake. Usiku ule mwenzetu alikwenda kuandika ubao wake wa bismillahi, ambao wazazi wengi wameusifu bila kumjua aliyeuandika. Mkono uliokuwa ukivunja kalamu ndio huo.

Haya tuliyoyataja hayamaanishi kwamba karate haina hatari. Ukimpa mtoto nguvu bila adabu ni kama kumpa panga. Kwa hiyo mazoezi yetu yana masharti, na tunaomba yabaki hata idadi yetu ikiongezeka. Hatumsujudii mtu wala kuirukuia picha ya mtu. Tunaanza kwa bismillahi na kusalimiana kwa salamu ya Kiislamu. Mavazi yanasitiri aurat. Kupiga uso ni marufuku, kwani Mtume (S.A.W.) alikataza kupiga uso. Adhana ikisomwa, tunaacha hapo hapo tulipofika, hata kama mguu uko hewani. Wasichana wana siku yao na mwalimu wao wa kike, mahali pa stara. Na anayetumia alichojifunza kwa kumwonea mtu barabarani hurudishwa nyumbani mpaka aje na mzazi wake.

Wazazi wetu watukufu, hatuombi mazoezi yachukue nafasi ya darasa. Saa moja na nusu kwa siku mbili za wiki inatosha, na somo la Qur'ani ndilo la kwanza na litabaki la kwanza. Mtume (S.A.W.) alimwambia Abdullah bin Amr (R.A.) kwamba mwili wake una haki juu yake. Tunachoomba ni kwamba haki hiyo itolewe ndani ya uzio wa madrasa, mbele ya macho ya walimu, kwani kijana asiyeruka na kukimbia chuoni atafanya hivyo vichochoroni, na huko mwalimu wake hamjui mtu.

Nanyi wanafunzi wenzetu, hasa wadogo mnaosema mnataka mkanda mweusi kabla ya Idi, tunawausia subira. Mkanda hufungwa kiunoni, lakini hasira hufungwa kifuani, na wa pili ndio mgumu kuufunga. Anayetaka kujijua amefika wapi asihesabu mateke yake. Achukue kalamu na karatasi, aandike alifu moja kutoka juu hadi chini kwa pumzi moja, kisha aitazame imesimama vipi.

Tunamuomba Allah (S.W.) atupe nguvu zenye upole, elimu yenye manufaa na moyo uliotulia, awalipe kheri walimu na wazazi wetu, na aujaalie mji wetu wa Tanga amani. Amin.

Wabillahi tawfiq.