Kompyuta Inayozimika Yenyewe

Wengi katika wasomaji wetu wanazo kompyuta za mezani majumbani mwao, na si wachache waliopatwa na jambo hili: mtu yumo kazini aandika, mara chombo chazimika kimya bila ya onyo lolote. Na ada ya watu, chombo kikiharibika, kwanza humtafuta mtu wa kumlaumu.

Chuoni kwetu lawama ilimwangukia kijana mmoja, mwanafunzi wetu wa zamani, ajaye baada ya alasiri kutuandikia majina ya watoto na hesabu za ada zao. Mzee mmoja wa kamati alisema, "Huyu ametia michezo yake, na michezo imeleta virusi." Fundi aliyeitwa hakufungua hata kifuniko, alisema chombo kimekwisha, kinunuliwe kipya. Basi hapo zilikuwa hatarini fedha za wazee wa watoto, na heshima ya mtoto wa watu, nayo ni kubwa kuliko fedha.

Mimi si fundi, lakini naona haifai kuhukumu pasipo ushahidi. Nilimwambia kijana, "Mwanangu, kwanza nakili hesabu zote katika flashi. Kisha kila kinapozimika andika saa, na kazi kiliyokuwa kikifanya."

"Na kikizimika mimi sipo, maalim?"

"Aliyepo ataandika."

Baada ya siku saba daftari lilikuwa na mazimiko 9. Katika hayo, 7 yalitokea baada ya kazi ya kiasi cha dakika 20, na kikiwashwa tena papo hapo hakikudumu. Mengine 2 yalitokea pampu ya maji ya jirani ilipoanza kuvuta, na taa zetu zikafifia.

Yale 7 ni dalili ya joto. Prosesa hupata moto sana ifanyapo kazi, na juu yake pana mapezi ya chuma na feni ya kuupoza moto huo. Vumbi likiziba, joto hupanda, na likizidi mno prosesa nyingi hukizima chombo zisije zikaungua. Kuzimika huko ni kinga. Virusi navyo huweza kuishughulisha prosesa hata ikapata moto, tulikagua, havikuwamo. Yule mzee alituonyesha katika kumbukumbu za Windows tukio namba 41, akidhani ni ushahidi wake. Tukio hilo lasema tu kwamba kompyuta iliwaka upya bila ya kuzimwa kwa taratibu, sababu halitaji.

Tulichomoa waya wa umeme, tukafungua kifuniko. Kompyuta ilikaa sakafuni karibu na majamvi, na vumbi lilikuwa limeshikamana juu ya mapezi kama sufi ya mto. Kijana aliliondoa kwa brashi laini, huku akizuia feni kwa kidole isizunguke. Grisi ya kupitisha joto ilikuwa imekauka. Aliifuta kwa spiriti akatia mpya, kadiri ya punje moja ya mbaazi. Kile kisanduku cha umeme kiitwacho pawa saplai hatukukifungua, wala msikifungue nyinyi, kwani ndani yake hubaki umeme hata waya ukishachomolewa.

Kabla ya hapo, katika ukurasa wa bayosi, prosesa ilikuwa nyuzi 78 pasi na kazi yoyote. Baadaye ikawa 46. Kwa ajili ya pampu ya jirani kamati ilinunua betri ya akiba, ile iitwayo UPS, kwa bei ndogo mno kuliko ya kompyuta mpya. Lau ingaliendelea kuzimika, tungaliazima pawa saplai nyingine tuijaribu, kisha vipande vya ramu, kimoja kimoja.

Sasa kompyuta iko juu ya meza, mbali na majamvi, na ufunguo wa chumba anao kijana yule.